Ukuta Wenye Kitambi

Ukuta wa nyuma ya nyumba ya dobi ulikuwa umeota kitambi.

Mpita njia asingekiona. Lakini dobi mwenyewe, aliyeanika mashuka mbele ya ukuta huo kila siku isiyo ya mvua, aligundua kwamba kamba ya mwisho, ile ya upande wa tangi la maji, haikuwa na nafasi tena. Zamani alipita kati ya kamba na ukuta na beseni likiwa kiunoni. Siku hizi alipita ubavuubavu, beseni amelitanguliza mbele kama mtu anayebisha hodi. Mwanzoni alidhani ni yeye aliyenenepa. Akapunguza chai ya sukari kwa wiki mbili, na bado hakupita. Ndipo alipomwita mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa fundi mwashi, na ndiye aliyeujenga ukuta huo miaka tisa iliyopita ili kuzuia mteremko usije ukaingia jikoni kwa dada yake. Mjini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Laini, kwa sababu plasta yake ungeweza kuipitisha shavuni na isikukwaruze. Alifika na timazi, akaining'iniza juu ya ukuta, uzi ukashuka wima na kulala juu ya tumbo la ukuta badala ya kufika chini. Akaukunja haraka, kama mtu aliyeona uchi wa mkwewe.

Ufa nao ulikuwepo. Ulianzia juu, penye mkuyu, ukashuka kwa mshazari hadi karibu na tangi, umbali wa hatua kumi na tano. Mkuyu huo ulisimama juu ya mwamba, kwenye ukingo wa mteremko, na mzizi wake mmoja mnene kama mkono wa mbeba mizigo ulikuwa umepanda mgongo wa ukuta na kuning'inia upande wa pili. Mtu akiutazama ule mzizi na ule ufa, haulizi swali la pili.

Mkaguzi wa majengo, mwanamke mmoja kijana mwenye viatu vya mpira na kopo la rangi, alipita Jumatatu iliyofuata. Alichora alama nyekundu ukutani, mistari miwili iliyokatana, akasema kwa upole kwamba mvua kubwa ziko wiki tano mbele. Kama ukuta haujatengenezwa kufikia hapo, dobi pamoja na wajukuu wake wawili watahamishwa, na nyumba itafungwa. Kisha akamgeukia fundi na kumwuliza chanzo ni nini.

"Mti," alijibu Laini, kabla swali halijatua.

Mkaguzi hakubisha. Alimwambia aweke viraka vitatu vya plasta juu ya ufa, kimoja kila mwisho na kimoja katikati, aandike tarehe, na yeye atarudi Ijumaa ya wiki ya pili kuona ni kipi kimepasuka. Kiraka cha plasta ni shahidi asiyehongeka: ukuta ukisogea hata upana wa ukucha, kinakatika.

Laini akavipaka, akaandika tarehe kwa msumari. Mwandiko wake nao ulikuwa laini.

Dada yake alisimama chini ya mkuyu akimtazama. Meza yake ya pasi ilikuwa pale kivulini, na ndoo zake za bamia na pilipili zilipangwa kando ya shina. Alimkumbusha kwamba alipoletwa kwenye nyumba ile akiwa bado mwali, nyuma palikuwa mwamba mtupu, upara unaong'aa, na mkuyu ulikuwa kijiti tu kilichobanwa kwenye ufa wa jiwe, mfano wa kijiti kilichosahauliwa katikati ya meno. Ndege aliidondosha mbegu pale na kinyesi chake, basi. Mwaka baada ya mwaka kijiti kikanenepa, jiwe likaachama, vipande vikamomonyoka, majani yakaanguka na kuozea humo humo. Kila msimu alikuwa akichota pale ndoo moja ya udongo mweusi.

"Udongo wa bamia hizi sikuuokota njiani," alisema. "Huyu ameusaga mwenyewe. Anatafuna jiwe tangu sijaota mvi."

"Umesikia ulichokisema, dada? Kama jiwe analitafuna, ukuta wangu kwake si mkate?"

Hoja ilikuwa ya dobi mwenyewe, na ilikuwa imegeuzwa kama shuka, upande wa pili juu. Aliutazama mti, akaitazama nyumba, akawatazama wajukuu waliokuwa wakigombania kiti mlangoni.

"Basi ukate," alisema mwisho. "Nyumba kwanza. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na wewe ukuta ulishajenga, ufa ndio uliokushinda."

Alisema kwa utani, lakini jioni hiyo aliihamisha meza ya pasi hadi sebuleni, akaanza kupiga pasi katikati ya viti, jasho likimtiririka. Laini aliiona meza ile alipopita kuaga, na hakukaa kunywa chai.

Jumatano ya wiki ya pili ilinyesha mvua ndogo, ya kutuliza vumbi tu. Alfajiri ya Alhamisi Laini alikuwa amefika, kabla dada yake hajafungua mlango wa nyuma. Alianzia kwenye mkuyu. Kiraka cha pale kilikuwa kizima, tarehe inasomeka herufi kwa herufi. Cha katikati kilikuwa na mstari mwembamba kama unywele. Cha upande wa tangi, hatua kumi na tano kutoka kwenye mti, kilikuwa kimekatika vipande viwili kama biskuti.

Akajieleza moyoni. Fundi huwa hasemi uongo, hujieleza tu: kwamba upande wa tangi una unyevu siku zote, kwamba pengine plasta ya kiraka kile ilikuwa na mchanga mwingi, kwamba mkaguzi ni mgeni wa kazi na atachanganyikiwa bure. Alikibandua kile kiraka kwa patasi, akakoroga plasta kidogo kwenye kopo, akapaka kipya. Akaandika tarehe ya kile cha zamani. Tarakimu ya mwisho ikatoka imepinda.

Asubuhi hiyo hiyo, jua lilipochomoza, alipanda mteremkoni na shoka na sururu. Alitaka mti uwe chini kabla mkaguzi hajaja kesho yake. Mti ukishalala, nani atauliza viraka?

Alianza kwa kuichimbua mizizi ili apate pa kuikata. Sururu ilipiga na kurudi. Akapiga tena, ikarudi tena, viganja vikamwasha. Udongo chini ya mkuyu haukuwa udongo, ulikuwa mkeka. Mizizi midogo kama nyuzi za kushonea ilikuwa imeingiliana na kokoto, na mchanga wa jiwe lililosagika, na majani yaliyooza, yote yameshonwa pamoja, na mizizi mikubwa imepita chini yake na kuzama kwenye nyufa za mwamba kama misumari. Alipofanikiwa kung'oa donge, lilikuja zima, na alipolitikisa halikudondoka. Lilikuwa kavu, ingawa mvua ilikuwa imenyesha jana yake.

Akafuata mgongo wa ukuta kuelekea upande wa tangi, huku akijaribu kwa sururu kila hatua mbili. Hatua ya sita ardhi ikalainika. Hatua ya kumi sururu ilizama hadi mpini bila kutoa sauti, na alipoivuta, ardhi iliinyonya kwanza ndipo ikaiachia. Shimo likajaa maji machafu mbele ya macho yake.

Upande huo hapakuwa na jani. Aliyepasafisha ni yeye. Miaka minne iliyopita vichaka vilikuwa vimesongamana pale, akavifyeka na kuving'oa na mizizi yake, maana vilimharibia sura ya kazi. Tangu siku hiyo kila mvua ilichukua udongo wa juu, usio na wa kuushika, na kuutelemsha nyuma ya ukuta. Kokoto alizozipanga mwenyewe ili maji yapite zilikuwa zimejaa tope hadi shingoni.

Lakini hata hivyo maji yangetoka. Alikuwa ameyawekea njia. Alichungulia chini ya ukuta, kule mbele, akitafuta yale matundu kumi na mawili ya mabomba, na macho yake yakateleza juu ya plasta nyeupe, safi, isiyo na tundu hata la sisimizi.

Ndipo alipokaa chini kwenye tope na suruali yake ya kazi.

Bwana fundi mzee aliyemfundisha hakuwa mtu wa maneno ya kupambwa. Matundu yale aliyaita vikojoleo, mbele ya wateja, mbele ya wanawake, mbele ya yeyote. Ukuta ni mtu, alikuwa akisema. Unakunywa, lazima ukojoe. Usipokojoa utavimba, ukivimba utapasuka, na ukipasuka hautachagua wa kumwangukia. Wanafunzi walicheka hadi wakashika mbavu, na Laini alicheka kuliko wote. Kumbe kicheko kilibaki na somo likatoka.

Aliteremka. Dada yake alikuwa kwenye kamba, akikunja mashuka ya nyumba ya wageni, pembe kwa pembe. Aliiona suruali yake, akasema kwamba hiyo haifuliwi kwa sabuni moja. Kisha akaiona sura yake.

"Umeshaukata?"

"Sijaukata. Dada, ufa sikushindwa kuuziba. Tatizo langu ni kwamba niliziba."

Hakuelewa. Ikabidi amweleze yote, amesimama, kofia mkononi. Vikojoleo. Tope. Vichaka alivyovifyeka. Kwamba mti ulishika upande wake wote peke yake, na kwamba angeuangusha mizizi ingeoza msimu wa pili au wa tatu, iache mashimo ya kupitisha maji, na mteremko mzima ungeshuka hadi kitandani kwake. Akafika kwenye kiraka, na hapo akaanza upya mara mbili.

Dobi alilikunja shuka hadi likawa dogo kama kitabu.

"Yale matundu," alisema taratibu. "Si ndiyo yale yaliyokuwa yananitemea maji ya kahawia kwenye mashuka ya watu? Si nilikuja kwako nikalia, nikakwambia mteja amenirudishia mzigo mzima? Ukaja ukanipigia plasta yote, bure, na ukuta mzima ukawa kama yai. Nikaita majirani waje kuuona." Akalaza shuka kwenye beseni. "Basi aliyeyaziba ni mimi."

"Wewe ni dobi, dada. Fundi ni mimi."

Mjukuu mmoja alitoka, akauliza kama chai ipo, akaambiwa ipo, akarudi ndani.

"Na kile kiraka, mkaguzi angekiona kizima," alisema dobi, "mimi ningelala humu ndani na watoto, nikijua nimepona."

Akamnyooshea mdogo wake lile beseni alipeleke ndani, kama alivyokuwa akimtuma utotoni baada ya kumchapa. Aliporudi alimkuta ameshaanza kuzifungua kamba za kuanikia, moja baada ya nyingine, na kuzihamishia upande wa barabarani.

"Mama yetu angekuwepo angesema mficha uchi hazai," alisema bila kugeuka. "Chukua nyundo yako. Uchi umeshauonyesha, sasa zaa."

Alitoboa hadi mchana. Alikumbuka umbali wa tundu hadi tundu, hatua moja na shubiri. Tundu la kwanza lilitoa udongo mkavu. La pili vilevile. La tatu alilisukuma kwa nondo, akahisi kitu kigumu kinasalimu amri ndani, akajivuta pembeni. Ukuta ulikohoa, ukatema donge la tope, kisha ukakojoa. Mkondo wa kahawia, mnene kama dole gumba, ukapiga uwanja na kuichafua ile plasta nyeupe kutoka tunduni hadi chini.

Dobi aliweka mkono mdomoni, akashindwa, akacheka hadi akakaa kwenye ngazi. Laini alitaka kuona aibu, lakini kicheko cha dada yake kilimkuta na kumvuta, naye akacheka, huku machozi yakimtoka, na nondo mkononi.

Mkaguzi alipokuja Ijumaa, Laini alimpokea langoni na kumwambia habari za kiraka kabla hajamkaribisha. Mkaguzi alikwenda moja kwa moja kwenye ile tarakimu iliyopinda, akaigusa.

"Hata usingesema, ningeiona," alisema. "Fundi, wewe unaandika vizuri mno kukosea saba."

Hakuifuta ile alama nyekundu. Aliagiza kwamba upande wa tangi wote ubomolewe na ujengwe upya kwa kokoto safi, mteremko upandwe majani yenye mizizi ya kina, familia ihamie chumba cha mbele mpaka kazi iishe, na mkuyu usiguswe. Kuhusu kiraka alisema ataandika alichokiona, naye Laini akasema aandike.

Ilichukua siku kumi na saba. Dobi mwenyewe ndiye aliyepanda majani, akiwa amepiga magoti mteremkoni, akiyasukuma kwa kidole gumba kama anayefunga vifungo. Ukuta mpya Laini aliuacha mawe matupu, bila plasta. Majirani wakauliza kama fundi ameishiwa, na dada yake akawajibu kwamba ukuta ulikuwa na maradhi ya kibofu, daktari amekataza kuuvalisha nguo za kubana.

Mvua kubwa ilipokuja, ilikuja kwa siku tatu mfululizo. Siku ya tatu Laini alifika amejifunika mfuko wa saruji kichwani. Viraka vitatu vipya vilikuwa vizima. Vikojoleo vyote kumi na viwili vilikuwa vikimimina, na maji ya vile vilivyokuwa karibu na mkuyu yalikuwa meupe, unaweza kunawia uso.

Dada yake alitoka na beseni tupu kuja kukinga. Akapita kati ya ukuta na mahali zilipokuwa kamba, beseni kiunoni, bila kugeuka ubavu.