Risasi Zisizotulia

Azizi, mume wangu, ameshikwa na ugonjwa wa kupima. Hapa kwetu Garland meza ya kulia imegeuka karakana: maganda ya risasi, baruti, mizani, na bastola ya silinda aliyoinunua ili amshinde kaka yangu Riyadh, wa Sugar Land, kwenye kulenga shabaha. Risasi anazijaza mwenyewe, na bado zinakwenda zitakako.

Mimi nami situlii. Bastola hukaa kwenye sanduku la chuma, na ufunguo ameutundika msumarini jikoni. Siku moja nilimkuta Amna wetu, wa miaka minne, amepanda kiti, ameushika.

"I'm just looking, Mama."

Tangu hapo, kila nikipita naugusa ule msumari. Kazini nawavalisha wazee wa watu viatu, moyo uko jikoni. Nilimwambia Azizi auhamishe. Akasema ndiyo, ndiyo, akarudi kupima.

Alhamisi moja aliichomoa silinda, kile kigurudumu kinachoshika risasi, amenuna. "Mtutu nishau-measure mara ngapi, Mwanakhamis! Size ni hiyo hiyo!"

Nikaokota kichwa cha risasi, kitupu, hakina ganda wala baruti, nikakitia kwenye tundu la silinda. Kikapita moja kwa moja, kikaanguka mezani. Cha pili vilevile. Risasi hupita hapo kwanza ndipo iingie kwenye mtutu. Bwana amepima ukumbi, kasahau mlango. Bangili inayoingia bila sabuni hutoka bila kuaga.

"Kosa lako nimeliona," nikasema. "Lete ufunguo kwanza."

"Mwana, mashindano ni next week! Niambie!"

"Ufunguo, baba Amna."

Akanikodolea macho. Nikaifunika silinda kwa kiganja. "Wewe wamtaka Riyadh. Mimi namtaka mwanangu mzima."

Akainuka, akautoa msumarini, akanipa.

Nikamwonyesha. Akaagiza vichwa vinene kidogo, visivyopita mpaka uvisukume kwa kidole. Siku ya mashindano matundu yake sita kwenye shabaha yalikaa pamoja, kikombe cha kahawa kingeyafunika. Riyadh akasingizia upepo. Azizi alirudi akiimba.

Bastola bado ipo. Ila ufunguo nilimpelekea sonara, akauunga kwenye bangili yangu ya harusi, ile isiyotoka bila povu. Siku hizi mume wangu akitaka kwenda kulenga shabaha, huja kunitafuta na sabuni mkononi.