Wenye Jina Wafike Wenyewe

Jumanne saa mbili na nusu asubuhi, fundi cherehani alikuwa wa tatu kwenye foleni ya dirisha namba nne katika ofisi ya kumbukumbu. Alibeba bahasha ya nailoni yenye vyeti, chupa ya chai, na mkoba wake wa kazi, maana fundi hatembei bila sindano. Mbele yake mtu mmoja alitafuta cheti cha ndoa, na mbele ya huyo mwingine alikuwa amesinzia wima. Karani hakuwa amemaliza chai yake. Baina ya funda na funda alikifunika kikombe kwa kisosi, kwa kuwa karani wa kumbukumbu hapendi kitu kiingie mahali ambapo hakijaandikwa.

Shida ya fundi cherehani ilikuwa moja. Mdogo wake, mchomelea vyuma, alikuwa na siku ya sita mahabusu. Alikamatwa akiwa na vitambulisho vitatu ambamo jina la ukoo limeandikwa kwa namna tatu, na mkuu wa kituo akaamua kwamba mtu mwenye majina matatu lazima mawili kaiba. Tangu hapo, kila siku saa mbili asubuhi, aliulizwa jina lake linaandikwaje, na aliulizwa kwa rungu. Siku ya kwanza liliondoka jicho. Siku ya tatu vikaondoka vidole viwili vya mkono wa kushoto.

"Lete mzizi," mkuu wa kituo alimwambia fundi cherehani, huku akifuta rungu kwa gazeti. "Nionyeshe kwamba babu, baba na huyu ni damu moja, nimwachie leo hii. Mimi sina ugomvi na mtu."

Zamu yake ilipofika, karani alipanga vitabu mezani. Katika kitabu cha machimbo ya mawe, babu aliandikwa akiwa kijana wa miaka ishirini, na jina lake lilikuwa na herufi ya ziada katikati. Katika daftari la vitambulisho, upande wa baba, herufi ile ilikuwa imekufa na nyingine kuzaliwa mwishoni. Kwa mdogo wake zilikufa zote mbili. Namna hizo tatu ndizo zilizokuwa kwenye vitambulisho vyake.

"Hawa ni watu watatu," alisema karani.

"Ni babu, baba, na mdogo wangu. Nyumbani tunalitamka namna moja."

"Nyumbani ni nyumbani, mama. Hapa, ili kumbukumbu ziunganishwe, wenye jina wafike wenyewe. Asiyekuwepo na lake halipo."

"Babu amekufa miaka hamsini sasa. Baba ana miaka kumi na miwili kaburini."

Karani alifungua kitabu cha kanuni, akafuatisha mistari kwa kidole. "Hapa hapasemi wafike wakiwa hai," alisema. Akajaza hati mbili za wito, akagonga mihuri, akamwambia asubiri hadi baada ya chakula cha mchana.

Walifika saa nane kasorobo. Babu aliingia kwanza, vilevile alivyokuwa siku aliyoandikwa: kijana wa miaka ishirini, miguu mitupu, vumbi la mawe hadi kwenye kope, na sikio la kushoto likining'inia kwa kipande cha ngozi. Nyuma yake akaja baba, miaka ishirini na mitatu, mfupa wa kiwiko umetoboa mkono wa shati. Foleni ikajisogeza kuwapa nafasi. Mfagizi akaja na ndoo, akasonya.

"Nyie wa dirisha namba nne, kila Jumanne damu," alisema. "Basi hata mngevujia upande mmoja."

Fundi cherehani, aliyekuwa na miaka arobaini na mmoja, alipiga goti. "Shikamoo, babu. Shikamoo, baba."

"Marahaba," alisema babu, akamtazama juu hadi chini. "Loo, mke wangu umezeeka kunishinda!"

Alicheka, sikio likayumba. Kisha akamweleza, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni, kwamba karani wa machimbo alimuuliza jina, akalitaja. Yule akaandika, akamsomea alichoandika, naye akasema hilo silo. Karani akajibu kwamba kitabu hakikosei, akachukua rula. Babu alikubali kwenye pigo la tatu.

"Mimi nilichelewa kidogo kukubali," alisema baba, akakitazama kiwiko chake.

Karani aliwaita dirishani. Babu akalitaja jina la ukoo kama linavyotajwa nyumbani. Baba akalitaja vilevile, kwa sauti ileile, na foleni nzima ikasikia. Fundi cherehani alifurahi, akafurahi kijinga, akaona kabisa mdogo wake yuko mlangoni anavua viatu.

"Kauli hazifanani na kitabu," alisema karani. "Itabidi walinganishwe."

Akavuta mtoto wa meza, akatoa rula ya mpingo yenye namba iliyoandikwa kwa rangi nyeupe.

"Kumbe bado ipo?" aliuliza babu.

"Ipo," alisema karani, na hakuficha fahari yake. "Mali ya ofisi haitupwi."

Walinzi wawili waliwashika. Fundi cherehani alimrukia karani, akamkwaruza shingo, mlinzi wa tatu akampiga kiwiko cha mdomo, naye akakaa chini sakafuni na meno yake yakiwa mekundu. Kutoka pale alihesabu. Safari hii babu alistahimili hadi pigo la kumi na moja, kwa kuwa alimwona mjukuu wake pale akaona haya kukubali mapema. Baba alifika tisa. Halafu kila mmoja, kwa mdomo uliovimba, alisoma jina lake herufi kwa herufi kama kitabu kilivyotaka. Mfagizi akabadilisha maji.

Karani akaandika: wenye jina wamefika, wamekiri kwa hiari yao, ni watu wasiohusiana. Akagonga muhuri.

"Umeona, mama? Wamesema wenyewe."

"Mungu akulaani wewe na kizazi chako."

"Malalamiko ni dirisha namba saba," alisema karani, akafunika kikombe.

Ili warudi walikotoka, ilitakiwa mihuri mingine, lakini kesho yake karani alianza likizo. Kwa hiyo walikwenda kukaa kwa fundi cherehani, na jioni ile alilishona sikio la babu kwa uzi mweusi, mishono midogo ya pindo la suruali. Asubuhi alipeleka kituoni cheti kile cha karani. Mkuu wa kituo alikisoma mara mbili, akatikisa kichwa. Alikuwa na mshukiwa mmoja, sasa anao watatu wanaotumia jina moja. Aliagiza wale wawili waripoti kila siku saa mbili, na kwa kuwa walikwisha kukubali huko nyuma, haikuwa vigumu kuwaanza upya.

Siku ya tisa, rungu lilimpiga mdogo wake juu ya sikio, na mchomelea vyuma akafa. Daftari la waliofariki liliandika jina lake kwa namna ya nne, ambayo haikuwa kwenye jalada la kesi. Kwa hiyo aliyekufa hakuwa yeye, na kesi ikaendelea. Alirudi nyumbani kwa miguu, fuvu likiwa wazi, akavua viatu mlangoni, akaomba maji.

Fundi cherehani alilia hadi sauti ikakatika. Alimlea huyu tangu mama yao alipofariki, na alimshonea hata sare ya shule.

"Dada, usilie," alisema mdogo wake. "Kesho saa mbili natakiwa kituoni."

Tangu hapo wanatoka watatu asubuhi na kurudi watatu mchana, na yeye anashona: sikio, kiwiko, kichwa. Wateja wanaoleta nguo wanasubiri sebuleni. Wengine hupitisha uzi kwenye sindano ili kazi iende haraka.

Jumatatu iliyopita askari alileta hati ya wito. Jina la ukoo liliandikwa kwa namna ya tano, lakini lake la kwanza lilikuwa sahihi, na mtaa ulikuwa wake. Aripoti kesho saa mbili.

"Wakikuuliza, kubali mapema, mke wangu," alisema babu.

"Wewe mara ya pili ulikubali mapema?"

Babu aligusa sikio lake. Fundi cherehani alipima uzi uliobaki, akakata pima moja, akaupitisha kwenye sindano. Kisha akamwita mdogo wake na kumshikisha sindano ile katika vidole vilivyobaki.

"Anza na sikio la babu," alimwambia. "Kesho utanishona mimi."

Mishono yake ya kwanza ilikuwa mikubwa mno. Akamwambia afumue, aanze tena.