Mtikisiko wa Mzee Igarashi

Mimi sipendi kufundishwa kazi. Mwaka wa ishirini na sita huu nashika spana hapa Shiojiri, Japani, na mtu akija kuniambia ugonjwa wa pikipiki kabla sijaigusa, damu inanichemka. Kwa hiyo siku ile Mzee Igarashi alipoingia uani na pikipiki yake, bintiye Chinatsu akimfuata kwa gari, wote wawili wakiongea kwa pamoja, nilikuwa nimeshakasirika kabla hata ya salamu.

"Fundi, inatikisika," mzee akasema huku akivua kofia. "Inatikisika mpaka kwenye meno. Nikimaliza mlima vidole sivisikii kabisa."

"Si pikipiki," Chinatsu akadakia. "Dada Fumie, ni mikono yake. Jana katoka kuendesha, kashika vijiti ale tambi, vikamponyoka. Mara mbili!"

"Nyamaza wewe, hata baiskeli ilikushinda."

"Una miaka sabini na mbili, baba."

"Na pikipiki ina ishirini na nane. Kwa pikipiki hiyo ni zaidi ya yangu. Nani mzee hapo?"

Nikamwambia anyooshe mikono. Akainyoosha. Vidole vilikuwa vinatetemeka, tena vizuri tu, na Chinatsu akanitazama kama kusema, unaona? Mzee akairudisha mikono mfukoni upesi.

"Haya, tumalize," akasema. "Fumie aikague. Akikuta ubovu, uniache na maisha yangu. Akisema ni nzima, naenda polisi mwenyewe kurudisha leseni."

Si jambo la mzaha hilo. Wazee wetu wengi huirudisha kwa hiari yao, na ukisharudisha umerudisha. Ukiitaka tena ukafanye mtihani na watoto wa miaka kumi na minane. Mkewe alikufa miaka sita iliyopita, na tangu hapo ni pikipiki hiyo peke yake inayomtoa nyumbani: kila Jumanne ziwani Suwa, kila kiangazi meli mpaka Hokkaido, wiki mbili anazunguka peke yake na hema lake. Sote watatu tulijua anaweka nini rehani.

Nikaanza siku hiyo hiyo. Injini ya silinda mbili hutikisika kwa asili yake, kila mtu anajua, lakini ikizidi kuna sababu. Kwanza nikapima kama silinda zote mbili zinavuta hewa sawasawa. Sawa. Plagi zote mbili rangi moja, nzuri. Nikazungusha magurudumu: hayapepesuki. Nikaangalia mnyororo, beringi, tairi. Vyote vizima. Nikaiwasha juu ya stendi, nikaweka kiganja kwenye tangi, nikapandisha moto polepole. Ikanguruma tamu. Nikaizungusha mjini, stesheni mpaka sokoni na kurudi. Hamna kitu.

Sasa yakabaki maungio, pale injini inapofungwa kwenye fremu. Hapo sikutumia hata dakika tano. Sisi tukimaliza kukaza nati kwa spana ya kipimo, ile inayolia *tak* nati ikifika panapotakiwa, tunapiga mstari mwembamba wa rangi nyeupe kuanzia kwenye nati mpaka kwenye chuma cha pembeni. Nati ikilegea, mstari unakatika. Nikamulika tochi: mistari sita, yote imenyooka, na yote mwandiko wangu mwenyewe wa mwezi wa nne, nilipoirudisha injini kwenye fremu. Nikazima tochi.

Na bado sikuelewa. Igarashi si mtu wa kulalamika ovyo. Huyu aliwahi kuendesha na mguu umevunjika kidole, akaja kuniuliza kama kanyagio la gia limepinda. Usiku sikulala vizuri, kichwa kinazunguka. Asubuhi nikarudia vipimo vyote toka mwanzo. Majibu yale yale. Pikipiki inasema mimi mzima, mzee anasema inanitikisa, na mikono yake nimeiona kwa macho yangu. Nimwamini nani? Nikaamini mistari.

"Mzee," nikamwambia kwenye simu, "pikipiki haina kitu."

"Una hakika?"

"Nimekagua mara mbili."

"Basi. Ukisema wewe, imetosha." Hakubisha hata neno moja. Jumatatu Chinatsu akampeleka polisi, na Jumanne akapiga kuniomba nimtafutie mnunuzi mwenye adabu.

Mnunuzi nikampata upande wa pili wa mlima, Okaya. Alhamisi nikaamua niipeleke mwenyewe nikiiendesha, nivuke mlima. Nilipoanza kupanda, gia ya nne, injini ikianza kubeba mzigo kweli, usukani ukaanza kuimba. Nikapuuza. Ukazidi. Kioo cha pembeni kikawa hakionyeshi tena gari la nyuma, ukungu mtupu. Juu kabisa nikasimama nivue kofia, na vidole vikakataa kufungua kamba ya kidevu.

Nikaitazama mikono yangu. Inatetemeka.

Jamani! Nilisimama pale kando ya barabara nimeduwaa. Wazo la kwanza lilikuwa la kijinga: huenda na mimi naumwa. La pili, huenda nimeikalia vibaya. Nikakaa juu ya ukingo dakika kumi, mikono ikatulia yenyewe. Nikapanda tena, nikashuka kidogo, nikageuza, nikapanda mlima mara ya pili. Vidole vikafa tena. Mimi nina miaka hamsini na moja na mikono yangu haijawahi kuniangusha.

Sikufika Okaya. Nikarudi mbio karakana, nikachukua spana ya kipimo, na safari hii sikutazama mstari wowote. Nati ya kwanza, *tak*. Ya pili, *tak*. Ya tatu, ya nne, *tak*. Ya tano, ya nyuma juu, ile iliyojificha chini ya tangi, ikazunguka. Ikazunguka tu! Karibu mzunguko mzima ndipo ikalia. Na mstari mweupe ulikuwa umenyooka kabisa kabla sijaugusa.

Nati hizo zina mpira mgumu ndani, zinang'ang'ania hapo hapo unapoziacha hata kama hujazikaza. Ile haikulegea kamwe. Haikukazwa kamwe! Na hapo mwezi wa nne ukanirudia wote: nimeifunga kwa mkono, simu ikalia, nikaenda kupiga soga, nikarudi, nikachukua brashi ya rangi badala ya spana. Mistari sita, safi, mwandiko wangu. Nikakaa sakafuni. Nilijichukia, sisemi uongo.

Sikungoja. Nikanunua boksi la vitamutamu, kama inavyopasa mtu anayekwenda kuomba radhi, nikaenda kwake. Mlangoni tu nikapiga magoti, paji la uso sakafuni, nikasema yote bila kujipunguzia.

Mzee Igarashi akanyoosha mikono mbele yake, kama siku ile uani. Imetulia tuli. Akaigeuza viganja juu, akaigeuza tena.

"Kumbe mizima," akasema. Akacheka kidogo, halafu machozi yakamtoka. "Wiki nzima nimekuwa nikijiaga, Fumie."

"Nipige, mzee. Nitukane."

"Inuka bwana, unanichafulia sakafu."

"Namwambia Chinatsu leo hii. Na mtihani nitakulipia, nitakufundisha kila siku mpaka—"

"Chinatsu usimwambie."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Kwa nini?"

"Alilia njia nzima, kwenda na kurudi. Usiku ule ndiyo mara yake ya kwanza kulala vizuri, kaniambia mwenyewe, tangu mama yake aondoke. Sasa nimwambie alinipokonya bure?" Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Hapana. Hilo asilibebe yeye."

Nilifungua mdomo kubisha, na gari likasimama nje. Chinatsu akaingia, akafurahi kuniona, akasema wanakwenda sokoni kabla hapajajaa. "Baba, koti."

Mzee akalivaa koti lake. Akashika zipu, na mbele ya macho yangu mkono ukaanza kutetemeka. Akaikosa mara ya kwanza. Akaikosa tena.

"Nisaidie, mwanangu," akasema. "Leo imezidi."

Chinatsu akachuchumaa mbele yake, akamfungia taratibu mpaka shingoni, akamnyooshea kola.

"Unaona, dada Fumie?" akaniambia kwa sauti ya chini. "Fikiria angekuwa bado barabarani."

Mzee alikuwa ananitazama juu ya kichwa cha bintiye, mkono wake umeshatulia tuli.

"Kweli," nikasema. "Umefanya vizuri."