Punje Kumi

"Sijamgusa," Rutaihwa alisema kwa mara ya tatu. "Nilisema naye tu. Mwenyekiti, kusema na mke ni kosa?"

"Umesema naye mpaka jino limetoka, shemeji," Edvina alijibu.

Walikuwa Kimwani, uwanjani kwa mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Kyaruzi, saa nne asubuhi. Anatolia, mke wa Rutaihwa na mdogo wake Edvina, alikaa kwenye jamvi, kichwa na uso amevifunika kwa kanga. La kuamuliwa lilikuwa moja: arudi kwa mumewe, au aende Nshambya kwa dada yake.

Edvina alikuja na vifaa vyake. Chuo kimoja cha Bukoba mjini kilimlipa kupima jinsi wasikilizaji wanavyousikia mkazo katika mazungumzo. Msikilizaji anasikilizishwa sentensi, mbele yake zimepangwa kadi, kila neno na kadi yake, naye anaweka punje ya kahawa kwenye neno alilosikia limekazwa. Mara ya kwanza kazi iliharibika. Kwao mgeni hukaribishwa kwa kahawa iliyoiva ya kutafuna; wazee walipoiona walidhani wamekaribishwa, wakatafuna majibu yote. Tangu siku hiyo alibeba kahawa mbichi.

Alipanga kadi kwenye ubao, akakalisha majirani kumi kwenye benchi, mwenyekiti akiwemo, akawasha simu ambayo Anatolia alirekodia juzi. Sauti ya Rutaihwa ilitoka taratibu, kama ya mtu anayeomba chumvi.

"Nani alikuambia uende kwenu?"

Kwenye "nani" hapakutokea kitu. Kwenye "kwenu" ngozi ilipasuka juu ya jicho la kushoto la kila mmoja benchini. Wasiokuwa benchini, Rutaihwa akiwemo, hawakupata kitu. Mzee Kahigi alianguka chali, akainuka, akapangusa jicho, akaweka punje yake. Zote kumi zilikaa kwenye "kwenu".

Edvina alichukua rula akapima majeraha, moja baada ya jingine. Hakuna lililozidi milimita ishirini na tatu, hakuna lililopungua ishirini. Kisha akafunua kanga ya mdogo wake, akapima juu ya jicho la kushoto. Ishirini na mbili.

"Vipimo vinalingana," alisema.

"Vinalingana," mwenyekiti alikubali, damu ikimdondokea kwenye shati. "Lakini mkono hatukuuona. Mwanamume lazima akaze neno nyumbani kwake. Hata mimi ninakaza."

"Tunajua," alisema mkewe, Magdalena, ambaye sikio lake la kulia halikuwepo tangu mwaka wa harusi.

"Basi arudi kwa mumewe. Tumemaliza," mwenyekiti aliamua.

Edvina alikusanya kadi, punje akaziacha. Akamshika mdogo wake mkono. "Inuka. Pikipiki iko barabarani."

Anatolia aliinuka. Hakuaga mtu.

"Anatolia," Rutaihwa aliita, bila kupaza sauti.

Gauni lilichanika mgongoni, na ngozi iliyokuwa chini yake. Anatolia alipiga goti moja, akainuka, akaendelea kutembea, dada yake amemshika kiuno, mpaka pikipiki ikawashwa na kuondoka.

Benchini watu kumi walijipapasa migongo iliyolowa, kila mmoja akachukua punje yake na kutafuta kadi ya jina lile. Kadi zilikuwa zimeshaondoka. Wakaziweka punje zao kwenye ubao mtupu.