Zabibu Zilizomenywa

Donata Carrieri alikuwa jikoni akimenya zabibu kwa kisu kidogo cha mboga. Ni kazi ya kijinga, maana zabibu haikuumbwa imenywe, lakini binti yake Giada alitaka macho, na jicho lenye ganda halimtishi mtu. Shuleni walikuwa wameambiwa kwamba siku ya mwisho ya Oktoba ni Halowini, na kila familia ipike chakula cha kutisha na kukipiga picha. Kwa hiyo tambi zilikuwa zimetiwa wino wa ngisi mpaka zikawa nyeusi tii. Pilipili hoho za rangi ya chungwa zilichongwa macho na meno zikawa mabakuli. Mchuzi wa nyanya ulikuwa ule ule wa kila siku, ila leo uliitwa damu.

Mama mkwe wake, Titina, alikaa kwenye kiti chake karibu na dirisha, akitazama mambo hayo kama anayetazama mtu akimimina maziwa sinkini.

"Wafu wana siku yao," alisema. "Wanakuja usiku wa kuamkia tarehe mbili Novemba, wanakula, wanakwenda zao. Ukiwaita kwa macho na damu watadhani unawasimanga."

"Bibi, ni mzaha tu," Giada akasema.

"Mzaha mzaha hutunga usaha."

Giada akaendelea kupanga meza. Aliweka sahani ya baba, ya mama, ya bibi, yake mwenyewe, kisha akaweka moja ya ziada, ya mzuka. Kwenye sahani ya mzuka akaweka tambi, vijitufe vya jibini nyeupe, na juu ya kila kijitufe zabibu moja iliyomenywa. Kando yake akaweka kipande cha mkate na glasi ya maji, akaacha mlango wa uani wazi ili mwanga uingie vizuri kwenye picha. Titina alipoona mkate umekatwa, maji yamemiminwa, sahani haina mwenyewe na mlango uko wazi, alijifunika shali. Ndivyo tunavyowaandalia wafu kwetu, hivyo hivyo bila kupunguza kitu. Alimwambia Donata aondoe ile sahani, kwani wafu hawana kalenda, wao wanaangalia meza. Donata akamjibu kwamba ataiondoa baba Giada akisharudi.

Oronzo Carrieri alirudi jua linazama. Yeye ndiye anayewapeleka wanawake wa mji wetu mashambani alfajiri na kuwarudisha, na bila gari lake hakuna anayefika kwenye mizabibu wala mizeituni, kwa sababu wenye mashamba hawamjui mtu mwingine. Alizima gari uani, akashuka, akajinyoosha mgongo. Kutoka ndani ya gari mtu akagonga kioo. Oronzo, kwa mazoea, akazunguka akavuta ule mlango wa ubavuni, ambao haufunguki kwa ndani tangu alipong'oa kitasa chake ili wanawake wasimteremkie ovyo njiani. Pompea Lorusso, aliyezikwa mwezi wa nane, akashuka.

"Jioni njema," akasema Pompea.

"Jioni njema," akasema Oronzo, na akampisha apite.

Aliingia pekupeku, amevaa gauni jeupe la kulalia lililogeuzwa, mishono yote iko nje. Mikono yake ilikuwa bado na kijani cha majani ya mzabibu, na chini ya kucha palikuwa na vumbi. Alitafuta sahani isiyo na mwenyewe, akaketi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kila mtoto wa mji wetu analijua. Mfu huanza safari pale roho ilipomtoka. Aliyezama kisimani huja analowesha sakafu. Mjomba wangu alifia kwa kinyozi, na kila mwaka huja na nusu ya ndevu. Pompea, kwa maneno ya daktari, ya kasisi na ya Oronzo mwenyewe, alifia kitandani kwake baada ya kuamka hajisikii vizuri, na siku hiyo hakwenda kazini. Basi angepaswa kutokea kitandani kwake, mtaa wa pili, akala kwa binti yake Loredana. Alikuwa ametokea kwenye gari. Kila aliyekuwa mezani alilielewa hilo, hata Giada, ambaye aliacha kupiga picha.

Donata alilijua kabla ya wote. Ni yeye aliyeitwa mchana ule wa Agosti, mume wake alipoleta gari mpaka nyuma ya nyumba ya Pompea, Loredana akiwa bado kazini kwenye ghala la matunda. Ni yeye aliyemvua Pompea nguo za shamba, akampangusa shingo na uso, akamvika gauni la kulalia mbio mbio huku Oronzo akimhimiza mlangoni. Kucha hakuwahi kuzisafisha. Sasa aliona aibu, na kwa kweli aibu iliyomjia kwanza haikuwa ya ule uongo, bali ya ile mishono. Mwanamke nadhifu kama Pompea kumzika na gauni lililogeuzwa, ndani nje.

Wakala. Pompea alikula tambi zote, akala na jibini. Zabibu alizitoa moja moja akazipanga ukingoni mwa sahani, zikawa zinamtazama Oronzo.

"Zabibu nipumzisheni," alisema. "Tambi nzuri, Donata. Chumvi imezidi kidogo."

"Huwa anazidisha," Titina akasema.

Kisha Pompea akauliza binti yake aliambiwa nini. Donata akamwambia, kwamba alifia kitandani.

"Kitanda kipi? Mwezi wa nane mimi nalala sakafuni. Loredana anajua. Tunalala sakafuni sote wawili, kwa joto."

Giada akatumwa kumwita Loredana. Alikuja na aproni ya ghala bado imefungwa kiunoni, akambusu mama yake mashavu yote mawili, kisha akashika ukosi wa lile gauni akautazama mshono kwa muda mrefu. Alisema kwamba tangu siku ya mazishi alijua kuna kitu. Mama yake hakuwa na gauni la kulalia ila hilo moja, na lilikuwa limewekwa kwa ajili ya hospitali. Alitaka kitu kimoja tu, isemwe alipofia. Ubaoni kwenye kaburi imeandikwa kwamba amelala kwa amani nyumbani, na kila Jumapili yeye hulipigia magoti neno ambalo si la kweli.

Pompea akaeleza, kwa sauti ya mtu anayesimulia alivyonunua vitunguu. Walikuwa wanapunguza zabibu, wanatoa punje ndogo kwenye kichala ili zilizobaki zinenepe, na juu yao paa la nailoni limeshika joto lote. Kichwa kikawa kinampasuka. Oronzo akamwambia amalize mstari. Akamaliza. Akaenda kukaa garini, na Oronzo akavuta mlango.

"Nilidhani umelala," Oronzo akasema.

"Niligonga."

"Nilisikia. Ningekufungulia wewe, wote wangetaka kupumzika."

Alilisema hilo bila ukali, akachovya mkate kwenye ile damu, akala. Ni mtu wa kawaida, Oronzo. Hubeba sanamu ya mtakatifu siku ya sikukuu, tena upande mzito.

Loredana akatoka, akarudi na Afande Quarta, mkuu wa kituo, ambaye nyumba yake inatazamana na ya Carrieri. Afande alivua kofia, akampa Pompea pole ya kifo chake, akakubali bakuli la pilipili hoho. Alisikiliza yote akitafuna. Alipomaliza alijifuta midomo, meno yakiwa meusi kwa wino wa ngisi.

"Binti yangu, mfu si shahidi. Mahakamani kitu cha kwanza anaulizwa anapokaa, na makaburini sisi hatupeleki samansi. Ila akipatikana aliye hai, aliyeona, hapo nina kazi ya kufanya." Akawatazama mmoja mmoja. "Yupo?"

Loredana hakumtazama Oronzo. Alimtazama Donata, na Pompea naye akamtazama Donata. Titina akatazama nje ya dirisha. Kwenye bakuli palikuwa na zabibu chache zilizobaki, na Donata akachukua kisu kidogo akaanza kuzimenya, ingawa hapakuwa na mtu wa kuzila. Alimwona Giada. Akaiona na friji mpya, viatu vya shule vya Giada vimepangwa chini yake.

"Mimi siku hiyo nilikuwa nyumbani," akasema. "Nilikuwa napika."

"Ulikuwa unapika nini, mama Giada?" Loredana akauliza.

"Tambi."

Afande akavaa kofia yake, akashukuru kwa chakula.

Siku iliyofuata Loredana aliwafuata wanawake wa kikosi cha Oronzo nyumba kwa nyumba, na mama yake akimfuata nyuma na gauni lake. Wote walimkaribisha Pompea, wakampa kahawa, wakamwulizia mguu uliokuwa unamsumbua. Na wote, huku wakimwangalia usoni, walisema kwamba alifia kitandani. Mmoja alilia alipolisema, lakini alilisema.

Usiku wa wafu wenyewe ulipofika, wafu wa mji mzima walikuja, wakala, wakaenda. Pompea hakwenda. Titina alieleza kwamba mfu hurudi kwa kupitia pale alipoanzia, na kwa kuwa pa Pompea hapajasemwa hadharani, hana pa kupitia. Basi akawa analala garini, kwenye kiti cha nyuma.

Jioni moja Donata alimwita bafuni. Alifunga mlango, akamvua lile gauni, akaligeuza, akamvika tena upande wake. Kisha akaleta brashi ndogo na sabuni, akaketi kwenye ukingo wa beseni na kumsafisha kucha, moja baada ya nyingine. Pompea akamwachia mikono. Donata alilia, akamwomba msamaha, na Pompea akamwambia kwamba maji yamepoa. Hicho ndicho kitu pekee kilichowahi kurekebishwa.

Zeituni zilipoiva, ghala la matunda lilimwambia Loredana asirudi tena. Hawakusema sababu, naye hakuuliza. Alfajiri moja, baridi ikiuma, alifika uani kwa Carrieri na kikapu cha chakula. Wanawake walikuwa wameshapanda, na viti vilikuwa vimejaa.

"Nafasi ipo," Oronzo alimwambia. "Kaa hapo nyuma kwa mama yako. Yeye si mzito."

Loredana alihamishia kikapu mkono wa pili. Kisha akapanda, akapita katikati ya magoti ya watu, akaketi mapajani mwa mama yake. Pompea akamzungushia mikono yake safi kiunoni na kumwambia ajikunje, mbele kuna ubaridi. Mwanamke wa pembeni akamfunika na ncha ya blanketi lake.

Donata alikuwa dirishani na kikombe cha kahawa. Oronzo akavuta mlango kwa nje, akautikisa kuona kama umeshika, akaenda kuwasha gari.