Mikono ya Darasa la Tano

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha walimu, shangazi aliniambia nisikalie kiti nilichokuwa nimekivuta. Nikauliza nikalie kipi.

"Wanaojifunza husimama," akajibu, akaendelea kukoroga chai yake.

Nilikuwa mwaka wa mwisho chuo cha ualimu, nimetumwa mazoezi ya kufundisha. Kwa mkosi wangu nilipangiwa shule ya shangazi, dada mkubwa wa baba, na yeye ndiye akawa mwalimu wangu mlezi. Nililala pia sebuleni kwake, kwa hiyo ile sura yake ya ndimu niliiona asubuhi, mchana na jioni.

Kilichoniponza ni mdomo. Nilisema mbele ya walimu kwamba chuoni tunafundishwa kumwuliza mwanafunzi anafikiri nini kabla ya kumwambia amekosea. Walimu walicheka hadi mmoja akapaliwa. Shangazi hakucheka.

"Mkufunzi wako si atakuja?" alisema. "Basi siku hiyo waulize wanafikiri nini."

Tangu hapo akaninyima kila kitu. Chaki niliomba kama dawa. Nikiingia darasa la tano kufundisha hesabu, yeye alikaa nyuma, mikono kifuani, akiguna. Nami nilivumilia, maana somo moja mbele ya mkufunzi ndilo lingeamua. Nikianguka, hakuna cheti, na baba alikwisha sema nitarudi nyumbani kusimamia mashine yake ya kusaga. Mashine ile siipendi hata kwa kuisikia.

Asubuhi ya siku yenyewe nilimkuta shangazi amesimama mbele ya darasa. "Leo kuna mgeni," aliwaambia. "Mnajua la kufanya." Nikadhani anasema habari za vifungo vya shati na kufagia. Hata nilimshukuru. Sijui nilikuwa na akili gani.

Mkufunzi aliingia, akaketi karibu na shangazi. Nikaandika ubaoni: nusu ongeza theluthi. "Nani anajua jibu?"

Mikono yote ikapanda. Yote! Darasa ambalo siku nyingine ungelibembeleza hadi koo likauke, leo limeamka. Moyo ukanijaa. Nikamchagua msichana wa dirishani, yule mpole ambaye sikuwahi kusikia sauti yake. Akasimama, akamtazama shangazi, akanyamaza. Nikachagua mwingine. Kimya. Wa tatu akasema, "Mbili ya tano," akakaa haraka. Mkufunzi akaandika kitu. Shangazi akatabasamu, na meno yake sikuwa nimeyaona tangu nifike.

Ndipo mtoto wa dawati la mbele, wanayemwita Fundi, akaninong'oneza kwa huruma: "Mwalimu, chagua wa mkono wa kulia. Wa kushoto hawajui. Ndivyo tunavyofanya wageni wakija."

Nikaitazama ile mikono. Ya kulia ilikuwa ya kuhesabika. Ya kushoto ilijaa hadi ukutani, na wenyewe walikuwa wameinyoosha vizuri kabisa, kama watu waliozoea.

Ningeweza kumchagua Fundi. Angetoa jibu, ningeendelea, na cheti kingekuja chenyewe. Lakini nilikasirika, na mimi nikikasirika sina breki.

"Shusheni," nikasema. "Sasa, waliokuwa wameinua wa kushoto, inueni tena."

Hakuna aliyethubutu. Shangazi akakohoa. Kisha yule msichana wa dirishani akainua, polepole, halafu mwingine, halafu karibu darasa zima.

"Njooni mbele. Tunaanza na ninyi."

Nikaliweka pembeni andalio langu la somo. Niligawa mikanda ya karatasi, tukakunja, tukakata, tukapanga vipande juu ya sakafu. Niliwauliza wanafikiri nini, wakaniambia. Kengele ikalia hata nusu ya somo nililopanga sijafika.

"Maoni yako, mwalimu mlezi?" mkufunzi akauliza.

"Hana adabu," shangazi akasema bila kupepesa. "Amewaaibisha watoto mbele ya mgeni. Huyu msimpe darasa."

Mkufunzi akainuka, akaenda ubaoni, akagonga lile swali langu kwa kidole. "Haya. Nani anajua?"

Safari hii mikono haikuwa yote. Msichana wa dirishani aliinua wa kushoto, kwa mazoea, akautazama, akaushusha. Kisha akainua wa kulia.

Mkufunzi akamchagua yeye.

"Tano ya sita," alisema, na nikagundua ana sauti nzito kuliko nilivyodhani.

Nje ya darasa mkufunzi aliniambia nimefaulu, kwa alama chache kuliko ambazo ningepata kama ningemchagua mwenye jibu. Alilisema mbele ya shangazi, akaaga, akaenda zake.

Shangazi alisubiri apotee kwenye kona.

"Umenivua nguo," alisema. "Nimekulisha, nimekulaza, ukanivua nguo mbele ya mtu wa chuo. Nenda kachukue begi lako sebuleni kwangu. Sasa hivi. Na leo utalala wapi, unajua?"

Darasa zima lilikuwa madirishani likitutazama. Nikamtazama shangazi machoni, nikainua mkono wa kushoto.