Watu wa Kipimo

Ziara ya majengo mapya ya jiji ilianza saa tatu kamili asubuhi, chini ya paa la kituo cha mabasi. Mtembeza wageni alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mwenye shahada, viatu vya raba na kipaza sauti kidogo alichokining'iniza shingoni kwa utepe. Siku hiyo wageni walikuwa tisa. Aliwaonyesha paa lenyewe, lililokaa juu ya nguzo nne tu ingawa lilifunika mabasi arobaini. Akawavusha barabara hadi soko jipya, lenye kuta za matofali ya matundu, ambamo upepo ulipita vizuri hata mchicha haukunyauka mchana. Kisha akawaonyesha ghorofa la benki, lililosokotwa kutoka chini hadi juu kama shuka mikononi mwa mfuaji. Wakazi waliliita Kamua.

"Na wateja je?" akauliza mwalimu mstaafu aliyekuwa amevaa kofia ya mkeka.

"Nao wanakamuliwa," akasema binti, na wageni wakacheka, kama wageni wote walivyocheka hapo.

Saa tano kasorobo wakaingia Maktaba Mpya, jengo ambalo wengi wao walikuwa wamelifuata. Lilikuwa na ghorofa nane za zege jeupe na kioo, limeinama mbele kidogo kama mtu anayesoma. Katika ukumbi wa mapokezi, ndani ya sanduku la kioo, ilikaa modeli yake ya mbao, ileile iliyopigwa muhuri na halmashauri ya jiji kabla ya msingi kuchimbwa. Kila kitu kilikuwemo: ngazi ya mzunguko, madirisha, nyasi za kijani pande zote, na watu wadogo wenye urefu wa njiti ya kiberiti.

Mwalimu akainama, akanyoosha kidole. "Huyu wa shati la njano, dirishani, ghorofa ya tatu. Nimemwona pia tulipokuwa nje. Amesimama vilevile."

"Ndiye yeye," akasema binti. "Ni baba yangu."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa. Wakapanda ngazi.

Modeli ilitengenezwa na mjomba wa binti, kaka wa mama yake, seremala mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake. Kila msanifu majengo aliyetaka kuwaonyesha wakubwa jengo lake alimwendea yeye. Kazi ya watu wadogo ndani ya modeli ni kuonyesha kipimo: bila mtu kando yake, jengo linaweza kuwa sanduku la viatu. Mafundi wengine walinunua watu wa plastiki madukani. Mjomba aliwachonga mwenyewe, na katika kila modeli alimweka ndugu yake mmoja, kama vile wengine wanavyotia sahihi. Katika modeli ya uwanja wa mpira alimweka shangazi yake, jukwaa la mashariki, ameshika mwavuli. Binamu yake alikuwa katikati ya daraja. Kwa miaka ishirini na miwili hakuna aliyedhurika, kwa sababu hakuna modeli yake hata moja iliyowahi kujengwa.

Maktaba ikajengwa. Baba wa binti alikuwa miongoni mwa waashi wake. Alipiga plasta na kusawazisha sakafu ghorofa ya kwanza hadi ya tano, na siku ya makabidhiano, wenzake wakiwa wameshavua buti, alikumbuka kwamba pima maji yake, ya kupimia usawa, ilibaki ghorofa ya tatu. Akapanda kuifuata. Akaikuta juu ya kizingiti cha dirisha, akaifuta kwa pindo la shati lake la njano, akashuka ngazi. Ngazi ikamfikisha ghorofa ya tatu. Akashuka tena, akafika ghorofa ya tatu. Mara ya sita akakaa kwenye kidato cha ngazi na kumpigia simu shemeji yake.

"Shemeji, ile modeli ulimweka nani?"

"Wewe," akasema mjomba. "Dirishani. Nilidhani utafurahi, una mandhari nzuri."

"Mandhari ni nzuri," baba akakubali. "Ila kwangu sipaoni vizuri. Pamefifia."

Kufifia huko na kunaswa kwa baba ndiko kulikomfanya binti aombe kazi ya kutembeza wageni, ili aingie maktaba kila siku. Mtaa wao ulikuwa nyuma tu ya jengo, nyumba thelathini na moja za bati. Msanifu alikuwa amemwambia mjomba aweke nyasi hapo kwa sababu nyumba zinachosha macho, na mjomba akaweka nyasi, kwa kuwa mteja ndiye mwenye kazi. Sasa mtaa ulikuwa unafuata modeli. Hakikuja kijiko cha kuchimbia wala tingatinga. Fundi cherehani mmoja aliamka na kukuta jiko lake limekuwa mraba wa nyasi fupi, laini, zilizokatwa sawasawa. Wiki iliyofuata ikawa sebule. Akafunga cherehani yake kwenye toroli, akaenda kwa mkwewe. Waliobaki walihama mmoja mmoja, kila mmoja akifunga mlango kwa kufuli kabla mlango haujatoweka.

Binti alikwenda kwa meneja wa jengo. Huyu alikuwa mtu mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alimkaribisha kiti.

"Baba yako tunamthamini sana," akasema. "Wageni wanampenda. Lakini modeli ina muhuri. Jengo lazima lilingane na modeli, la sivyo cheti cha ukaguzi kinabatilika."

"Basi modeli ibadilishwe, bosi. Aondolewe mtu mmoja tu."

"Mabadiliko anayaidhinisha msanifu."

"Msanifu yuko wapi?"

"Ana majengo katika miji kumi na moja. Andika barua, binti yangu. Mimi mwenyewe nitaituma."

Binti aliamini barua. Akaandika ya kwanza kurasa tatu, ya pili kurasa mbili, na kila Jumatatu akaleta nyingine. Meneja alizituma zote, kama alivyoahidi.

Mjomba hakuamini barua. Jumatatu moja, sanduku lilipofunguliwa ili kufutwa vumbi, aliingiza koleo dogo akamshika mtu wa njano kiunoni, akavuta. Juu ghorofa ya tatu baba akapiga yowe. Gundi ya mjomba ilikuwa nzuri, na kifundo cha mguu wa baba kilivimba wiki mbili.

"Nitaichoma moto takataka hii," mjomba akasema kwenye simu, machozi yakimlengalenga.

"Nikiwa ndani?" akauliza baba.

Basi mjomba akarudi karakana na kujaribu njia nyingine. Akachonga nyumba ya dada yake. Ilikuwa na mabati matatu mabovu na moja jipya, kamba ya kuanikia nguo, na mlango wa bluu uliobanduka rangi chini. Jumatatu iliyofuata akaibandika juu ya nyasi za modeli, mahali pake hasa. Asubuhi ya Jumanne mama wa binti aliamka, akagusa ukuta wa chumba chake, ambao kwa mwezi mzima ulikuwa umekuwa mwepesi kama boksi la sabuni, akaukuta mgumu. Akaupiga ngumi kwa furaha hadi vidole vikamuuma. Baba akampigia simu kutoka dirishani. "Naiona nguo yako ya kijani kwenye kamba," akasema. "Umeianika vibaya, itavutika mabega."

"Umeanza," akasema mama. Alicheka siku nzima.

Ijumaa meneja alimwita binti, akampa bahasha. Ndani mlikuwa na nyumba ya mjomba, imebanduliwa kwa uangalifu, haina hata mkwaruzo.

"Hii haikuwa na muhuri," meneja akasema. "Nimeona niwarudishieni, ni kazi ya mkono."

Binti alipofika nyumbani jioni, ilibaki nusu ya nyumba. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, miguu juu ya nyasi, mgongo kwenye ukuta uliobaki. Mjomba alikuwa amechuchumaa mbele yake.

"Kaka," akasema mama, "nichonge na mimi."

"Dada, ukiingia hutoki."

"Kwani hapa natoka? Nyumba inanitoka mimi." Akavuta kanga yake mabegani. "Niweke karibu na mume wangu. Ila unichonge nimekaa. Nimesimama vya kutosha katika maisha haya."

"Mama, subiri," akasema binti. "Barua ya kumi na tatu imepokelewa. Ofisini kwa msanifu wamepiga muhuri wa kupokea."

Mama alimtazama kwa upole kabisa. "Endelea kuandika, mwanangu. Lazima mmoja wetu abaki huko nje mwenye miguu. Ndiyo maana sijamwambia akuchonge wewe."

Mjomba alimchonga kwa siku nne. Kwa kuwa hakutaka dada yake apate njaa, alimwekea mapajani beseni lililojaa viazi, na mkononi kisu. Jumatatu akambandika. Hakuna aliyembandua: kwa macho ya meneja, mtu mmoja zaidi hakubadilisha jengo. Watu wa kipimo walikuwa wanaruhusiwa. Nyumba ndizo zilizokatazwa.

Mama aliingia kwa mlango wa mbele saa mbili asubuhi, akamsalimia dada wa mapokezi, akapanda. Baba alimpokea kigoda. Akakaa, beseni likawa mapajani mwake, akaanza kumenya. Ilipofika adhuhuri alikuwa amemenya viazi vingi sana na beseni lilikuwa bado limejaa.

"Kaka yako naye," akasema baba. "Angekuchonga umekunja mikono."

"Alitaka nisikose chakula."

"Hutakosa," akasema baba. Akaweka pima maji sakafuni karibu na kigoda, akakitazama kipovu kikitulia katikati. "Sakafu iko sawa kabisa. Nilifanya kazi nzuri, ndiyo shida."

Mwezi huohuo gazeti liliandika kwamba fedha za uwanja wa mpira zimepatikana. Shangazi wa mjomba, ambaye hakuwahi kupenda mpira, alikwenda dukani akachagua mwavuli mzuri, wa mpini wa mbao. Alisema kama ni kuushika miaka yote, heri usiwe wa Mchina unaopinduka.

Mwalimu mstaafu alirudi kwenye ziara baada ya msimu wa mvua, safari hii na dada yake. Walipita chini ya paa la kituo, wakapita sokoni, wakacheka kwenye benki. Saa tano kasorobo walisimama nje ya Maktaba Mpya, kwenye njia ya vijiwe inayozunguka nyasi. Kibao kilisema usikanyage. Binti, kabla ya kufika kibaoni, alipinda kidogo kulia, kama mtu anayekwepa kona ya nyumba, kisha akarudi kwenye njia. Wageni nao wakapinda, wakidhani ndivyo inavyopitwa.

Barua ya kumi na tisa ilikuwa kwenye mfuko wake wa nyuma.

"Siku ile alikuwa mmoja," akasema mwalimu, akitazama juu.

"Sasa ni wawili," akasema binti. "Yule aliyekaa ni mama."

Dada wa mwalimu alikinga macho kwa kiganja. Dirishani ghorofa ya tatu mwanamume wa shati la njano aliinua mkono, na mwanamke kando yake akainua kiazi.

"Jamani," akasema dada wa mwalimu. "Nilipoliona kwenye picha sikudhani kama jengo ni kubwa hivi. Tazama walivyo wadogo."

"Ndiyo," akasema binti, akisogeza kipaza sauti mdomoni ili na wa nyuma wasikie. "Hiyo ndiyo kazi yao."